Askari Wangu Hawakuvuka Nusu ya Ubao

"Mama, wewe huchezi, umejificha. Nampa mwalimu ushindi. Kanyonyeshe."

Mwamuzi alisema hivyo huku ameshasimamisha saa. Nikasimama na mtoto mgongoni, nikamwambia atoe mkono kwenye meza yangu kabla sijautoa mwenyewe. Ilikuwa ukumbini, Bunda. Sijutii. Mshindi wa meza ile, mimi au mwalimu niliyekuwa nacheza naye, ndiye alikuwa anaingia timu ya mkoa ya chesi, na nafasi hiyo niliitafuta tangu nina mimba.

Enzi hizo nilikuwaga nafua ziwani, kwetu Musoma, kwenye mawe. Asubuhi moja maji yalitulia kabisa, hamna upepo. Nimefika nusu ya beseni ndipo nikaona masikio mawili madogo, hatua kama kumi kutoka nilipochuchumaa. Halafu mengine. Halafu mengine. Viboko walikuwepo muda wote, kimya, wananiangalia. Nilirudi kinyumenyume, nguo nikaziacha.

Mchana nikafungua simu kusoma tena mfumo wa chesi wa kujihami kwa mwenye kete nyeusi, unaoitwa Kiboko. Miezi mingi nilikuwa siuelewi. Askari sita, zile kete ndogo za mbele, wanasogea hatua moja moja, farasi na maaskofu wanakaa nyuma yao, hakuna anayevuka. Woga gani huu? Siku hiyo nikaelewa. Nyeusi hajakimbia. Anamwacha nyeupe achague pa kukanyaga, ndipo yeye achague pa kutokea: kushoto, kulia, au katikati.

Sasa pale Bunda, huyo mwalimu, mtu wa Butiama, alijaza nyeupe zake katikati akaanza kunitania.

"Mama mtoto, vuka basi! Huku hakuna mamba."

Watu wakacheka. Nikasogeza askari wangu mweusi hatua moja.

Tulipofika hatua ya kumi na mbili mwalimu hakutania tena. Anapeleka mkono, anaurudisha bila kugusa kete. Akainua miguu kutoka sakafuni, taratibu, kama mtu aliyesikia kitu kinapita chini ya meza. Nikainama kuangalia. Hamna kitu. Mwanangu, ambaye hatuliagi hata dakika, alichungulia begani kwangu akaukazia macho ubao, hapepesi.

Ndipo mwalimu akamwita mwamuzi. "Huyu anachelewesha mchezo. Hajavuka hata nusu!"

Kesho yake nilipeleka barua kwa kamati ya mashindano, Musoma. Nilisubiri mpaka karani akagonga muhuri.

YAH: KUPINGA UAMUZI WA MEZA YA KWANZA

Mimi, mchezaji wa nyeusi, napinga kunyang'anywa mchezo. Hakuna sheria inayomlazimisha mtu kuvuka nusu ya ubao. Saa yangu ilibaki na dakika thelathini na moja, ya mwenzangu tisa. Nani alichelewesha? Sikupoteza kete hata moja. Karatasi ya hatua zote nimeiambatanisha.

Naomba kete zirudishwe zilipokuwa na saa iwashwe. Anayetakiwa kusogea ni mwalimu.