Tuta la Fundi Timazi

Hakuwa na gari, hakuwa na pikipiki, na baiskeli aliyokuwa nayo haikuwa na breki. Hakuwa na cheti cha ufundi, kwa kuwa kazi alijifunza kwa kubeba karai la mafundi wengine tangu hajaota ndevu. Hakuwa na ndugu manispaa, wala rafiki polisi, wala wakili hata wa kusalimiana naye njiani. Hakuwa na sauti ya kusimama mkutanoni. Na hakuwa na habari, mpaka uzee unampigia hodi, kwamba barabara hujengwa kwa kanuni zake na ukuta kwa zake.

Hilo la mwisho ndilo lililomponza.

Saa moja asubuhi. Mwashi huyu amepiga goti kando ya mtaro, anapanga mawe ya ukingo. Kazi ni ya manispaa, ambayo humpa kibarua siku tatu katika juma, na hakuna mwingine anayempa zaidi ya hapo. Anashusha uzi wenye kipande cha chuma nchani, anasubiri uache kuyumba, anafumba jicho moja. Jiwe limeegama kidogo, kiasi ambacho mimi na wewe tusingekiona. Analing'oa. Anaanza upya.

"Likipinda hili leo, kesho mtaro mzima umelala," anasema bila kuinua kichwa.

Uzi huo huitwa timazi, na ndio uliompa jina. Mtaani kwake hata mwenyekiti hakumbuki jina alilopewa na wazazi. Watu husema mwenye nyumba akianguka kwa uzee, kuta za Fundi Timazi zitabaki zimesimama zikimshangaa.

Mtaa wenyewe ni mwembamba, nyumba zimekaribia barabara kiasi kwamba ukikohoa sebuleni, mpita njia anakuambia pole. Zamani barabara ilikuwa ya vumbi na mashimo, na mashimo yale ndiyo yaliyokuwa askari wa usalama. Ilipowekwa lami, wenye magari wakaigeuza njia ya mkato ya kukwepa foleni ya barabara kuu.

"Lami tuliipigia vigelegele kama bibi harusi," anasema mke wa fundi, akiwa amekaa kwenye kiti cha mbao dirishani. "Hatukujua tunamkaribisha nani."

Mama huyu alikuwa akiuza maandazi kibarazani. Sasa hauzi kitu. Mwaka juzi alivuka barabara kumrudishia jirani chekeche lake, na gari likamkuta katikati. Nyonga ilivunjika, ikaungwa, ikaungika vibaya. Kutoka kitini hadi mlangoni ni safari, na safari hiyo huifanya akiwa ameshika fimbo mkono mmoja na ukuta mkono wa pili.

Aliyekuwa akiendesha gari lile ni mkwe wao, baba wa mume wa binti yao.

"Alikuwa anakuja kwetu," anasema Fundi Timazi. "Alikuwa na haraka ya kutusalimia."

Mkwe alilia barabarani mbele ya watu. Alimbeba majeruhi kwa mikono yake, akalipa hospitali, akaja na wazee wake kuomba radhi. Nani angempeleka polisi mtu wa namna hiyo? Mkwe ukimshtaki, umemshtaki na binti yako aliyeolewa nyumbani kwake. Wazee wa pande mbili walikaa, wakanywa chai, wakamaliza. Hakuna aliyeandika popote.

Magari yaliendelea kupita. Mbuzi wawili waligongwa, mkokoteni wa maji ukasagwa, mwenye mkokoteni akaponea chupuchupu. Mwenyekiti wa mtaa alipeleka ombi la matuta manispaa, akaambiwa asubiri. Alisubiri mpaka akachoka kuulizwa.

Ndipo Jumapili moja, mchana kweupe, wakazi walipochangishana saruji na kokoto wakamwita Fundi Timazi. Mshonaji alileta maji. Kinyozi alifunga kibanda chake akaja kukoroga zege, jambo ambalo hadi leo anajisifia. Mwenyekiti mwenyewe alipita, akasimama.

"Mnajenga nini hapo?"

"Tunaziba shimo, mwenyekiti."

"Shimo gani? Mbona linapanda juu?"

"Ndiyo hivyo, mwenyekiti. Tumeliziba likashiba."

Mwenyekiti alitazama upande wa pili, akaenda zake.

Fundi Timazi alijenga kama alivyojua. Alichimba msingi. Alifunga mbao pande zote mbili, akazinyoosha kwa uzi wake hadi zikasimama wima, akamwaga zege, akalisawazisha juu kwa mwiko. Mbao zilipofunguliwa, watu walipiga makofi. Tuta lilikuwa zuri. Pembe zake zilikuwa kali kama za sanduku jipya.

"Hapo ndipo nilipokosea," anasema. "Sijawahi kujenga kitu cha kulala. Maisha yangu yote ninajenga vitu vya kusimama."

Magari yalipunguza mwendo, tena kwa heshima. Madereva walishuka kwanza kulitazama tuta, wakatukana, wakapita kwa shida huku chini kukikwaruza. Kwa majuma mawili mtaa ulikuwa na amani. Mama aliomba kiti chake kitolewe nje tena.

Juma la tatu, kabla jua halijatoka, muuza mikate alikuja na pikipiki yake, kreti zimepandana nyuma. Alikuwa akipita njia hiyo miaka mingi, lakini alikuwa amesafiri kwenda kuzika kwao, na hakuna aliyemwambia kwamba barabara imeota ukuta. Gurudumu la mbele halikupanda. Lilisimama palepale, yeye akaendelea.

Fundi Timazi alikuwa wa kwanza kutoka. Anakumbuka mikate ilivyotapakaa lamini. Anakumbuka pia kwamba kabla hajamtazama yule mtu aliyelala, alilitazama tuta. Halikuwa na hata ufa.

Mguu wa muuza mikate ulivunjika mahali pawili na goti likaharibika. Safari hii polisi walikuja, wakapima, wakaandika. Tangu hapo mtaani kukazuka msemo: wengine wasipoziba ufa hujenga ukuta, sisi tuliziba na ukuta tukajenga. Fundi akipita, msemo hukatwa katikati.

Mwezi uliopita manispaa iliitisha mkutano katika darasa la shule ya msingi. Watu wazima walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwagusa videvu. Mhandisi aliyetumwa alikuwa mwanamke kijana, mwenye adabu, na kwanza aliwaamkia wakubwa wote.

"Wazee wangu, sikuja kugombana. Nataka kujua tu. Lile tuta limejengwa na nani?"

"Liliota, mwanangu," akasema kinyozi. "Mvua za mwaka huu zilizidi."

"Liliota na saruji, baba?"

"Ardhi ya huku ina rutuba sana."

Darasa zima likacheka, na mhandisi naye akacheka kidogo. Kisha akageukia ubao akachora mistari miwili kwa chaki: mmoja uliopanda taratibu na kushuka taratibu, na mwingine uliokwenda juu wima kama kidole.

"Tuta ni mgongo wa mtu aliyelala," alisema. "Gurudumu linatakiwa lipande na lishuke. Hili lenu ni ukuta. Mwisho wa mwezi ujao tutalivunja."

"Na mtatujengea lingine?" aliuliza mshonaji.

Mhandisi akainua karatasi aliyokuja nayo.

"Mama, matuta hupelekwa kwanza kwenye mitaa yenye ajali zilizoandikwa polisi. Wenu una ajali moja tu, ya muuza mikate, na imesababishwa na tuta. Nikiipeleka karatasi hii kwa wakubwa wangu watasema, mtaa huu ugonjwa wake ni matuta."

"Na magari yanayotuua?"

"Yamemgonga nani? Niandikieni jina la mtu mmoja aliyegongwa, na aliyemgonga, na tarehe. Nitalipigania mwenyewe."

Watu waligeuza macho taratibu, safu hadi safu, mpaka yakamfikia Fundi Timazi aliyekaa dawati la nyuma kabisa. Yeye alikuwa akiutazama ule mchoro.

Nyumbani alimweleza mkewe yaliyosemwa. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo mimi sikugongwa?"

"Sikusema hivyo, mama watoto."

"Manispaa imesema. Kumbe nililala mzima, nikaamka nyonga imevunjika. Labda niliota, kama tuta."

Siku iliyofuata fundi alikwenda kwa muuza mikate. Ni chumba kimoja nyuma ya ghala, kitanda kimesogezwa karibu na mlango apate hewa. Pikipiki imeegemezwa ukutani, tairi la mbele limepinda. Mgonjwa alifurahi kumwona. Mteja wake wa miaka mingi. Walizungumza habari za hali ya hewa, kisha za goti, ambalo halikunjiki.

"Aliyejenga lile dude simwombei mabaya, mzee wangu," muuza mikate alisema. "Nataka siku moja tu aje akae hapo ulipokaa, anitazame ninavyovaa kiatu."

"Amekuja," alisema Fundi Timazi.

Mke wa muuza mikate aliyekuwa akifua nje aliacha kufua.

"Wewe?"

"Mimi."

"Na tukawa tunasalimiana kila asubuhi."

"Kila asubuhi."

"Nenda, mzee," alisema yule mtu, akageukia ukutani. "Sikufukuzi. Ila leo nenda."

Ilikuwa jioni ya siku hiyo ambapo fundi alitangaza nyumbani kwamba ataandika barua manispaa. Ataandika mambo mawili: kwamba tuta alilijenga yeye, na kwamba mkewe aligongwa, tarehe fulani, na mtu fulani. La kwanza litamnyima kibarua. Manispaa haimpi mawe ya ukingo mtu anayejenga barabarani pasipo ruhusa. Na huenda likampeleka mbele ya hakimu. Hilo alikwisha kulikubali. La pili ndilo lililomleta binti yao kesho yake, amefunga kitambaa kichwani ovyo kama aliyetoka kwenye msiba.

"Baba, lako moja liandike. La tuta. Hilo lingine liache."

"Bila hilo lingine hawaleti kitu, mwanangu. Watavunja, wataondoka."

"Ukilipeleka jina la baba mkwe, mimi nitamwandalia chai nikitazama wapi?"

"Na mama yako je?"

"Mama amepona, baba."

Sauti ikatoka dirishani: "Nani amepona?"

Binti alilia. Mama naye alilia, ingawa anakana. Hapakuwa na mshindi. Binti aliondoka kabla chakula hakijaiva, na tangu siku hiyo hajakanyaga nyumbani kwa wazazi wake. Kwa mkwe kumepelekwa ujumbe, asije akalisikia jambo hili kwa watu. Hajajibu. Simu yake inaita tu, kisha inakatika.

"Nimempoteza mkwe, na labda mtoto," anasema mama, macho yakiwa barabarani. "Lakini hapa dirishani ninaona watoto wa watu wanavyovuka. Wanatazama kushoto, wanatazama kulia, halafu wanafumba macho wanakimbia. Wanafumba macho, nakuambia!"

Nje, gari dogo linafika kwenye tuta, linasimama, linapanda upande mmoja kwa kuchechemea. Dereva anatema mate dirishani na kuondoka kwa kasi ya kufidia muda.

Barua imemchukua fundi siku kadhaa, kwa sababu mkono uliozoea mwiko huishika kalamu kama unataka kuivunja. Haina maneno mengi. Anaomba radhi. Anataja jina lake kamili, ambalo mkewe alisema hakulisikia tangu siku ya ndoa. Anataja tarehe, mahali, gari, na aliyeliendesha, kisha ameongeza kwa herufi ndogo kwamba mtu huyo aliwatendea wema baada ya hapo. Mwishoni anaomba mambo mawili: aachiwe alivunje tuta kwa nyundo yake mwenyewe, bila malipo, na manispaa itakapoleta mafundi wa kujenga matuta ya kweli, aruhusiwe kusimama kando atazame mteremko unavyopigwa.

"Muuza mikate nitamlipa nini? Angekuwa na shamba ningemlimia," anasema. "Lakini nikijua kujenga kitu cha kulala, mlangoni kwake pana ngazi. Nitaiondoa nimwekee mteremko. Akikubali."

Anaikunja barua mara tatu, anaiingiza ndani ya bahasha. Gundi ya bahasha ni ya zamani, haishiki. Anailamba, anaibana kwa kiganja, inaachia.

"Lete hapa," anasema mkewe. "Wewe kazi yako saruji."

Anaichovya ncha ya kidole kwenye chai yenye sukari, anaipitisha ukingoni mwa bahasha. Kisha anaiweka kitini na kuikalia, uso ukikunjamana anapohamishia uzito upande ule unaouma. Wanakaa hivyo, mume amesimama na mke amekaa. Baada ya muda anaitoa na kuikagua. Imeshika.

Sanduku la barua la manispaa liko langoni, jirani na ua wanakokusanyika vibarua asubuhi. Fundi Timazi anafika wakati wenzake wanagawiwa sepetu. Mdomo wa sanduku ni mwembamba; bahasha inaingia nusu, na nusu iliyobaki ameishika yeye.

"Timazi!" msimamizi anamwita kutoka ndani ya ua. "Mawe yamekuja. Leo hufanyi kazi?"

"Nakuja, bosi," anajibu, na anaiachia.