Etikete ya muche muzima

Jamani, leo sabuni imenivuruga kichwa.

Kwa butiki yangu hapa Alunguli nimeanza kubandika etikete za mistari, zile mashine inasoma bei. Nilichapa ndogo, mashine ikazikataa. Nikachapa kubwa, inaenea muche muzima wa sabuni. Mashine ikalia tii! Nikacheka peke yangu.

Mama Zaina, jirani yangu, akaingia.

"Baba Amani, unikatie nusu."

Nikakata. Etikete nayo ikakatika katikati!

Nikapitisha nusu yake: kimya. Nusu yangu: kimya.

"Sasa hii sabuni haiko na bei?"

"Iko nayo, mama, lakini mashine..."

"Basi uchape etikete ya nusu. Lakini kesho nitataka robo."

Wandugu, etikete ya robo njo saizi gani?