Udongo Mweusi Chini ya Sinia

Silvano alikuwa mtu wa kusema. Ukimkaribisha chai, kabla hajakaa ameshachungulia uani kuona maji yako machafu yanaelekea wapi, na kama yanaelekea msingini atakuambia papo hapo, hata wageni wawe wamejaa. Kazi ya bomba alijifunza misheni ya Rangwi kwa bruda mmoja mkali, akauchukua ujuzi pamoja na ukali wake. Pale kijijini walimwita Mzee Pimamaji na kumcheka, lakini bomba likipasuka walijua mlango wa kugonga.

Mwishoni mwa mwaka sabini na tano kijiji chao cha ujamaa, chini kidogo ya Magamba, kilikuwa kinamalizia chumba cha kujifungulia, kwa matofali mabichi na nguvu za wananchi. Silvano alikitaka chumba kile kuliko wote. Binti yake Jenoveva alimpoteza mtoto wa kwanza njiani, akibebwa kwenye machela kwenda Lushoto, na sasa alikuwa na mimba ya miezi mitano.

Kwa hiyo lilipoletwa sinia la kauri kutoka Tanga, lile la kusimama juu yake ukioga maji yanayomwagika kutoka juu, Silvano alilifunika kwa magunia na kumweleza kila aliyepita namna litakavyokaa. Chini yake atatandika mchanga na saruji, pawe pagumu, lisicheze hata kidogo. Kiungo cha bomba kikazwe. Kisha lijazwe maji, yakae siku nzima, mtu alale kifudifudi achungulie kwa tochi, na lisizibwe pembeni mpaka chini pawe pakavu kabisa. Watu waliitikia kwa vichwa. Wiki hiyo hiyo dada yake akafariki Rangwi, naye akaenda kuzika.

Aliporudi siku ya tano alikuta sinia limeshawekwa, limezibwa pande zote, limeoshwa linang'aa. Mwenyekiti Fanueli alimpokea mlangoni.

"Shikamoo mzee. Pole na msiba. Tulisema usirudi na uchungu ukute na kazi inakungoja. Tumekumalizia."

"Marahaba. Chini mmeweka nini?"

"Saruji iliishia kwenye kuziba pembeni. Chini kina mama wameleta udongo wa msituni, ule mweusi. Wameubeba siku mbili, mzee. Udongo bora kabisa."

Ni watu wa mashamba. Kwao udongo bora ni ule unaootesha maharage, laini, wa majani yaliyooza, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba huo huo ukilowa hudidimia. Silvano alikanyaga pembe ya sinia, akasikia likibonyea. Kidogo tu. Alijua litashuka, kiungo kitaachia, na maji yataingia chini ya ukuta wa matofali mabichi.

Akafungua mdomo. Ndipo alipowaona kina mama uani, wanangoja aseme, na mbele yao mkewe Paskalina, shingo bado imekaza kwa mizigo, anatabasamu. Huko ndiko kulikuwa kumpa pole kwao. Kubomoa mbele yao kungekuwa kuwarudishia rambirambi usoni.

"Kazi nzuri," Silvano akasema. "Asanteni sana."

Alijiambia atalitengeneza mambo yakitulia. Hayakutulia. Chumba kilifunguliwa kwa ngoma na hotuba, wazazi wakaanza kuingia. Alipomwendea Fanueli faraghani, alijibiwa kwa adabu kwamba saruji imekwisha, na kwamba watu wataona jasho lao linadharauliwa. Silvano akanyamaza tena. Safari hii kunyamaza kulikuwa kwepesi zaidi, na hilo lilimtisha.

Kufikia Machi unyevu ulikuwa umepanda ukutani hadi usawa wa goti. Aprili, masika yamekolea, ukuta wa bafuni ukakaa chini, ukavuta na paa. Hakuna aliyeumia. Chumba kikafungwa. Siku tisa baadaye Jenoveva akashikwa na uchungu, wakamfunga tena kwenye machela, wakashika njia ya Lushoto kwenye matope na mvua. Alijifungua kabla hawajafika. Mtoto hakulia.

Baada ya kumzika mtoto Silvano alichukua mtaimbo, akaenda peke yake kung'oa sinia. Chini yake udongo ulikuwa uji mtupu. Paskalina alimkuta pale, akachutama, akachota kidogo kwa kiganja na kuutazama.

"Baba Jenoveva, siku ile ulijua?"

"Nilijua."

Paskalina aliuachia udongo udondoke.

"Nilikwenda msituni mara kumi na moja," akasema. "Ungeniambia, ningeutoa wote."

Akajifuta mkono kwenye nyasi, akaenda nyumbani. Silvano alibaki amelishikilia sinia wima, kwa kuwa hakujua aliweke wapi.