Swali Ndani ya Jibu

Mtaani walimwita Mama Sare, kwa sababu nusu ya watoto wa shule walivaa sare alizoshona yeye, na nusu nyingine, kwa maneno yake mwenyewe, walivaa magunia. Mdomo anao huyo mama. Akikupima kiuno atakwambia mpaka ulichokula jana. Lakini kuna neno moja lilikuwa halijatoka kinywani mwake tangu mwanawe wa kwanza, fundi wa rangi, alipoanguka ghorofani kazini akaletwa nyumbani amefunikwa shuka. Mwaka wa pili huo. Ukimuuliza habari za kijana atasema, "Yule hayupo," kisha anakanyaga cherehani kwa nguvu usiulize la pili. Majirani walishamzoea, wakawa wanalizunguka neno hilo pamoja naye.

Sasa mtoto aliyebaki ni mmoja, binti, yuko chuo mwaka wa mwisho anasomea filamu. Kazi ya kumalizia masomo ilikuwa filamu ya maisha halisi ya mtu mmoja, naye akamchagua mama yake. Filamu ya kwanza mwalimu aliirudisha. Binti alikuwa ameongea mwanzo mpaka mwisho kama mtangazaji wa mpira, na mama yupo tu, anashona kimya. Mwalimu akasema kazi ya namna hii ina taratibu zake: mhusika ajieleze mwenyewe, na kwa kuwa sauti ya muulizaji itakatwa, kila jibu libebe swali lake ndani. Mwisho wa kupokea kazi ni kesho asubuhi. Ikirudishwa tena, miaka yote ya chuo imekwenda na maji.

Basi mchana ule sebule ikapinduliwa. Cherehani ikasogezwa dirishani kupata mwanga, feni ikazimwa isivume, na msichana mwenzake wa chuoni akavaa visikilizio masikioni, akashika maiki. Mama akaambiwa asiitazame kamera, amtazame binti, lakini kama hayupo. Mama akauliza hiyo ni adabu ya wapi, kumtazama mwanao kama hayupo. Wasichana wakacheka, joto likapungua kidogo.

Maswali ya mwanzo yalikuwa mteremko. Ulianza lini kushona? "Zamani." Binti akamkumbusha. "Haya. Nilianza kushona zamani, kabla hamjazaliwa nyie wenye taratibu." Alianza hata kuufurahia mchezo.

Ndipo binti akavuta mtoto wa meza, akatoa vipande vya suruali nyeusi vilivyobanwa kwa pini, akaviweka mapajani mwa mama yake. Mama Sare akaitambua. Suruali ile alikuwa ameikata kwa ajili ya kijana wiki ileile alipoanguka, na tangu hapo hakuishona wala hakuitupa. Chaki ikififia aliichora upya palepale, akarudisha vipande mahali pake. Kuitoa mbele ya kamera hawakukubaliana, naye alilisema hilo kwa macho.

"Nisamehe, mama," binti akasema. "Bila hii hakuna filamu. Kwa nini huishoni suruali hii?"

"Mwenyewe hayupo."

Binti akatikisa kichwa. Akasema taratibu kwamba mtazamaji hatajua hayupo kivipi, atadhani amesafiri.

Na mama akaona uchungu wote upo hapo. Ndivyo alivyotaka yeye, watu wadhani amesafiri. Maadamu hajalisema, mistari ya chaki ilikuwa inamsubiri mtu. Akilisema, anamzika kwa mdomo wake mwenyewe. Asiposema, huyu mzima aliye mbele yake atatoka chuoni mikono mitupu. Alimchukia mwalimu asiyemjua, akaichukia kamera, akamchukia hata binti kwa muda mfupi, halafu huruma ikamshinda. Akakamata kitambaa kwa mikono miwili.

"Siishoni suruali hii kwa sababu mwanangu amekufa."

Pikipiki ikapita dirishani inapiga honi, ikalifunika neno la mwisho lote. Yule mwenye visikilizio akainua mkono kuonyesha sauti imeharibika, kisha akaushusha kwa aibu. Kwa taratibu zao, hapo mhusika huombwa arudie. Binti hakuomba. Alizima kamera.

"Basi, mama. Tuache. Nikifeli nimefeli."

"Washa."

"Mama, hapana."

"Washa, nakwambia. Nikinyamaza sasa sitalisema tena mpaka naingia kaburini."

Taa nyekundu ikawaka. Mama Sare akalisema tena, zima, na swali lake ndani, na barabara safari hii ilikuwa kimya. Mwenye visikilizio akaitikia kwa kichwa kwamba imeingia vizuri. Lakini mama hakumwona. Alikuwa anachomoa pini moja moja huku anarudia bila kuombwa, mwanangu amekufa, mwanangu amekufa, na vipande vya suruali vinaachana mapajani na kuanguka sakafuni.

Pini zilipokwisha akasahau alivyoagizwa, akaitazama kamera moja kwa moja.

"Imeingia?"

Binti akaitikia kwa kichwa tu. Mikono yake yote miwili ilikuwa mdomoni, ameibana pale, sauti yake isisikike.