Kilichonuka Juu ya Meza Yetu

Panya alifia juu ya dari ya chumba changu katika juma ambalo sikuweza kuahirisha chochote. Mama mwenye nyumba huhifadhi mahindi ya shamba lake la Kasungami juu ya mbao zile zile zinazonifunika nikilala, na alikuwa ameweka sumu bila kuniambia. Nilichotambua kwanza ni utamu. Watu husema mzoga unanuka vibaya. Hawakosei, ila hawasemi vya kutosha. Mwanzo wake ni utamu, kama wa papai lililoiva kupita kiasi, na ni utamu huo, zaidi ya uvundo unaoufuata, ndio unaogeuza tumbo, kwa sababu ulimi huupokea kabla akili haijapata nafasi ya kuukataa.

Nieleze kwa nini mambo hayakuweza kungoja. Miezi michache kabla, nilikuwa nimesimama mbele ya jopo la chuo kutetea tasnifu yangu kuhusu mifereji ya maji machafu ya soko. Majedwali yangu yalikuwa safi. Mjumbe mmoja, mzee mpole, akaniuliza swali ambalo halikuwa hata la kitaalamu: nilipokuwa pale, kulikuwa kunanuka namna gani? Nikafungua kinywa, kisitoke kitu. Sampuli zote nilizichota nikiwa nimevaa barakoa mbili zilizopakwa mafuta ya mentoli, uso nimeugeuza kando. Sikujua kunanuka namna gani. Mtu anaweza kusema hajui, na maisha yakaendelea. Mimi sikuweza kusema hata hilo. Jopo likanipangia tarehe nyingine, na panya alikufa siku chache tu kabla yake. Tangu siku ile, macho ya watu watatu yakinielekea kwa pamoja, koo lilijifunga kama mdomo wa mfuko.

Mwenzangu wa maabara, aliyenifahamu kuliko nilivyopenda, ndiye aliyependekeza mchezo. Ni mchezo wa mezani usio na ubao: kila mchezaji anakuwa mtu wa kubuni, dadu zinaamua kama anachojaribu kinafaulu, na mmoja, msimulizi, anawaambia wenzake wanaona nini, wanasikia nini na wanakanyaga nini. Yeye aliwahi kuucheza. Angewaleta kaka yake, muuza vipuri vya magari, pamoja na mchumba wa kaka huyo, mwimbaji wa kwaya ya parokia. Hao wawili walikuwa wageni kabisa. Mimi ningekuwa msimulizi.

“Ukiweza kusema mbele ya bantu batatu,” akaniambia, “jury itakuwa kitu kidogo. Ukishindwa, basi, tutajua.”

Nilifanya ninachofanya daima: nilijiandaa ili nisihitajike. Nilisoma kila ushauri niliouona kuhusu kuwazamisha wachezaji wapya ndani ya hadithi, nikahitimisha kwamba karibu kazi yote inaweza kuachiwa vyombo. Hadithi ingetokea msituni baada ya mvua. Mvua yenyewe ilikuwa kwenye simu, ikipita katika spika. Kitambaa cha kijani kilifunika dirisha. Majani ya mikaratusi yaliungua taratibu kwenye mbabula, jiko letu la makaa, yatoe moshi wa porini. Kwenye karatasi niliandika sentensi fupi ambazo hata koo lililojifunga lingeweza kuzipitisha.

Mikaratusi haikumshinda panya; ilimvika nguo tu. Chumba kikawa na harufu ya mzoga uliosuguliwa dawa ya kifua, na nzi wa kijani kibichi wakatua juu ya kitambaa cha meza kama walioalikwa. Nilipoinua macho niliona doa kwenye dari. Katikati lilikuwa la kahawia, ukingoni la manjano, na ukingo ulikuwa na unyevu. Niliyashusha macho, nikaapa kutoyapandisha tena alasiri ile.

Kaka mtu alisimama mlangoni. “Eh! Kitu gani inaoza humu?”

“Ni ya mchezo,” dada yake akajibu bila kupepesa. “Ametengeneza yeye mwenyewe. Ingia, yaya, usilete kichwa nguvu.” Yaya kwetu ni ndugu mkubwa.

“Vraiment? Kweli?” Akanitazama kwa heshima ambayo hakuwahi kunionyesha. “Docta bila diplome! Leo umefanya kazi.”

Mchumba wake alijifunika pua kwa kitenge. “Miye sikae hapa.”

“Kama unaogopa, imba,” wifi yake akamwambia, na mwimbaji akakaa kwa hasira.

Nilitaka kukanusha. Nikawasha mvua, nikapunguza utambi wa taa ya mafuta, nikasoma sentensi ya kwanza, kisha ya pili. Sauti yangu ilikuwa ndogo, na spika ilinisaidia kuificha.

“Msitu gani inanukaka hivi?” kaka mtu akauliza. “Msitu inanukaka majani.”

Alikuwa sahihi, na usahihi wake uliniumiza. Hakuna msitu ambao ungeweza kuibeba harufu ile. Macho yaliwaambia wako mahali fulani na pua ziliwaambia wako pengine, na mgeni wa mchezo huziamini pua zake. Nilikuwa bado naupima mgongano huo kichwani pale umeme ulipokatika. Mvua ikakoma katikati ya tone.

“Kuran imeenda,” mwenzangu akasema kuhusu umeme. Wote watatu wakanigeukia.

Kisha kitu kikaanguka juu ya kitambaa, kando ya dadu. Kilikuwa cheupe, kinene kama punje ya wali iliyolowa, na kilijikunja, kikajikunjua, kikaanza safari.

“Mama! Iko kitu inatembea!” mwimbaji akapiga kelele.

“Inatoka wapi?” Kaka mtu hakuwa akicheka tena. “Docta, inatoka wapi?”

Nilikuwa na hakika ya jambo moja tu: kuna kitakachotoka kinywani mwangu, na nisipotoa maneno yatatoka matapishi. Njia ni ile ile.

“Juu yenu,” nikasema. “Msitazame bado.”

Nikaiweka karatasi chini. Nikawaambia hawako msituni, hawajawahi kuwa msituni. Wako ndani ya ghala la zamani la reli, mlango umejifunga nyuma yao, na mfanyabiashara waliyekuja kumtafuta hajaonekana na mtu yeyote tangu mvua za kwanza. Nikawapa harufu kwa mpangilio wake. Kwanza utamu. Kisha joto, kwa maana uozo una joto lake, na linapumua. Kisha maji ya tomsoni, yule samaki wa kugandishwa, aliyeyeyuka barafu, akaachwa juani. Nikawaambia inavyokaa juu ya meno, hata mtu akafunga kinywa ili asiimeze, halafu akagundua ameshaimeza. Niliinua macho kwenye doa na kulieleza rangi kwa rangi, ukingo wenye unyevu ukiwa wa mwisho. Nilichukizwa na kila neno, na kila neno lilikuwa sahihi. Hakuna aliyesogea. Muuza vipuri alikuwa ameshika mkono wa shati la dada yake.

“Yule muntu,” mwimbaji akauliza chini ya kitenge, “eko muzima?”

“Tupa dadu.”

Ilimbidi aiokote kando ya yule funza. Aliitazama kwa muda, akaiokota kwa ncha za vidole, akatupa. Moja, namba mbaya kuliko zote.

“Hapana,” nikasema.

Waliamua kumbeba yule mfanyabiashara hadi nje. Niliwahesabia uzito wake, namna alivyowateleza mikononi, na hawakumwangusha.

Baadaye, uani, kaka mtu alitema mate ukutani, akatema tena. “Sasa sema. Hii harufu uliitoa wapi?”

“Ni panya. Alikufa mu plafo, kule ku dari.”

Mwenzangu akaanza kucheka, na mwimbaji akamchapa kwa kitenge. “Ulijua! Weye ulijua!”

“Na kule ku jury ulinyamaza juu ya nini?” kaka mtu akaniuliza. “Kumbe unasemaka muzuri wakati unataka kutapika.”

Walipoondoka nilipanda ngazi nikamtoa panya. Ngozi yake ilibaki kwenye ubao, na ilinibidi kuikwangua kwa kisu ambacho sikukirudisha jikoni. Nisidhaniwe kwamba nilipona. Hadi leo sili wali mahali penye mwanga hafifu. Lakini juma lile nilirudi sokoni bila barakoa, nikasimama juu ya mfereji nyuma ya meza za samaki, nikaivuta harufu yote ndani, mpaka nikaweza kuitaja sehemu kwa sehemu.

Mbele ya jopo sikungoja kuulizwa. Nilianza na utamu. Nilipofika kwenye maji ya tomsoni na joto linalopumua, yule mzee mpole, ambaye alikuwa ameinua biskuti kuelekea kinywani, aliirudisha sahanini na kuisukuma sahani mbali, hadi mwisho wa meza. Sauti yangu haikukatika. Niliendelea.