Kiwiko cha Msichana wa Alunguli

Miaka ya vita ilitufundisha kutupa mpira bila kuudundisha. Uwanja wetu wa mpira wa kikapu ulikuwa nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa reli, udongo mgumu na pete moja tu ya chuma. Ya pili ilikatwa na watu wenye bunduki, sijui waliipeleka wapi. Mpira ukidunda ulisikika hadi barabarani, nao wakiusikia walikuja kuuchukua wachezee wao. Kwa hiyo tuliupokezana mikononi kama mtoto aliyelala. Mmoja alitupa, mwingine alisimama chini ya pete kuudaka kabla haujagusa ardhi. Tulijua kufunga, lakini hakuna aliyejua kukimbia na mpira hata hatua mbili.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu na nilijiona mtupaji bora wa mji mzima wa Kindu. Nilihitaji kujiona hivyo. Baba yangu alikuwa ametoka mkoa wa Kasai kuja kufanya kazi ya reli, na treni ilikuwa imeacha kuja. Hata hivyo kila asubuhi alivaa kofia yake ya kazi akaenda kituoni kukaa karibu na injini iliyoota nyasi kwenye magurudumu. Watoto waliniimbia njiani: "Mutoto ya treni, treni yenu itafika lini?" Niliwajibu kwa pete. Mpira ukiingia, walinyamaza.

Halafu akaja yeye.

Alitoka Alunguli, ng'ambo ya mto. Alivuka kwa mtumbwi na beseni la sombe, majani ya muhogo, kichwani, akauza sokoni, kisha wakati wa kurudi akapita uwanjani kwetu. Alikuwa wa umri wangu, miguu ina matope hadi magotini. Siku ya kwanza alisimama pembeni, beseni tupu bado kichwani.

"Mutanipa na mie? Mara moja tu."

Walimpa ili wacheke. Aliweka beseni chini, akaushika mpira kwa mikono miwili mbele ya paji la uso, viwiko vimetanuka kama mabawa ya kuku anayefukuzwa, akaruka kidogo. Mpira uliingia bila kugusa chuma.

"Bahati," nikasema.

"Basi munipe bahati ya pili," akasema. Ukaingia tena.

Wivu niliusikia kwenye meno, kama mtu aliyeuma embe bichi. Nikaanza kumchunguza. Wakati ule tulikula mara moja kwa siku, na njaa hufupisha mkono: ikifika alasiri mipira yetu sote ilianguka karibu, chini ya pete. Ya kwake ilifika. Miguu yake ilikuwa imekomaa kwa kulima bustani na kupanda ukingo wa mto na mzigo. Shingo, hasa shingo, haikutikisika. Alikuwa amebeba beseni tangu utotoni, na kichwa chake kilikuwa kimejifunza kutulia huku mwili wote ukifanya kazi. Mimi nilipotupa, kichwa changu kilikimbia kuutazama mpira kabla mkono haujamaliza. Nilijua kosa langu na sikuweza kuliacha.

Msimu huo mwalimu wetu alitangaza kwamba nafasi moja imebaki katika timu ya wasichana watano. Jumamosi kila anayeitaka atatupa mara kumi. Akaongeza neno moja lililotufanya wote tumeze mate: akina mama wa parokia wangepikia timu maharagi na samaki kila baada ya mazoezi.

Katika sanduku la baba kulikuwa na kijitabu cha Kifaransa kilichobaki tangu enzi za timu ya reli. Ndani yake mtu wa kuchorwa, mwenye kaptula fupi, alionyesha njia sahihi: kiwiko chini ya mpira, mkono mmoja unasukuma, mwingine unaelekeza tu. Mwaka uliotangulia nilikifuata kijitabu kile. Kilisema kweli. Lakini miezi miwili mizima sikuweza kufunga chochote, kwa sababu mkono unaojifikiria hugoma. Hilo nililijua. Naandika tena ili nisijifiche: nililijua.

Alhamisi nilimngojea kwenye ukingo wa mto, kijitabu kwapani.

"Unatupa kama kuku," nikamwambia. "Jumamosi mwalimu atakucheka."

"Lakini inaingia, yaya." Aliniita yaya, dada mkubwa, kwa kuwa nilikuwa na kitabu.

"Inaingia sasa. Angalia hapa. Batu bote ba basiketi wanatupa hivi."

Hakujua kusoma Kifaransa. Aliuangalia ule mchoro kwa heshima, akashusha beseni. Nilimshika kiwiko, nikakiingiza chini ya mpira. Nilimrekebisha siku ile na Ijumaa pia, kwa uvumilivu, kwa sauti nzuri. Hakuna neno nililomdanganya.

Jumamosi aliingiza mipira miwili. Baada ya kutupa mara ya tano alijaribu kurudia njia yake ya zamani, lakini haikuwepo tena. Nilimwona akikitazama kiwiko chake kama mtu anayetazama mbwa asiyemjua. Mimi niliingiza sita.

"Weye njo wa tano," mwalimu akaniambia.

Yeye alichukua beseni lake. "Asante, yaya. Siku ingine itaingia." Akashuka mtoni. Mimi nikaenda kukaa na timu. Maharagi yalikuwa moto, samaki alikuwa na mifupa mingi, na nililamba sahani. Kiangazi kile chote hakupita tena uwanjani.

Mwaka jana nilirudi Kindu. Nimeishi Kinshasa miaka mingi, nimechapisha riwaya moja, na nilikuja kuandika ya pili ambayo haikutaka kuandikika. Uwanja sasa una simenti na pete mbili. Wasichana walikuwa wakifanya mazoezi, na mwalimu wao alikuwa amenipa mgongo. Nilimtambua kwa shingo.

Alikuwa akiwaonyesha. Kiwiko kilikaa chini ya mpira, mkono ukapanda, kifundo cha mkono kikalegea mwishoni. Ulikuwa mkono wa yule mtu wa kijitabu, mzuri kuliko wangu ulivyowahi kuwa. Mimi hufuta ukurasa mmoja mara arobaini, na yeye hana tendo la kufuta. Embe bichi likarudi kwenye meno.

Aligeuka, akaniona, akawaita wasichana kwa kelele. "Kuyeni, batoto! Huyu mama njo alinifundisha kutupa! Mie nilikuwa natupa kama kuku!"

Walipiga makofi. "Mama, utuonyeshe!" Nikatupa. Mpira haukufika hata kwenye nyavu.

"Mama iko na njaa!" mmoja akasema, wakaangua kicheko.

Walipokwenda kunywa maji, nilimwambia yote: kijitabu, miezi yangu miwili, Alhamisi. Nilimwambia nilijua angekosa.

Alizungusha mpira mapajani.

"Mie nilifikiri ni njaa," akasema. "Mwaka muzima nilisema ni njaa. Mama yangu akakuwa ananipa fungu yake ya bugali, ati mikono ipate nguvu."

Nilitaka anitukane. Hakunitukana. Alisimama, akawaita wasichana, akaniamuru kwa kidole nikae chini ya pete. "Musidundishe!" akawaambia. Mpaka leo huwaanzisha hivyo, bila kudunda. Basi nilidaka mipira yao alasiri nzima, bila hata mmoja kugusa ardhi, na hakunisemesha.

Wakati wa kuagana ndipo aliponiangalia. "Kesho ukuye na maharagi. Na samaki. Batoto ni kumi na mbili, na mie."

Nilienda. Nilipika mwenyewe kwa shangazi yangu, nikajitwisha sufuria, na njia nzima shingo yangu ilitikisika, mchuzi ukanimwagikia begani. Aliniona nikiingia hivyo uwanjani. Alicheka kidogo, akaja kunitua mzigo, akaupandisha kichwani kwake, akatembea nao mbele yangu, mikono ikining'inia tu. Hakumwaga tone. Nilimfuata nikiitazama ile shingo, na bado naitamani.