Macho ya Jenerali Wangu

Niseme ukweli tangu mwanzo, msije mkaniita mnafiki baadaye: Odile ananiuma roho. Watu wakiniuliza habari zake nawajibu kwamba ni mama mzuri, anasali, anafanya kazi, hana maneno na muntu. Yote hayo ni kweli, na yote yananikera.

Mimi ni Théophile, Papa Théo wa bandarini. Kazi yangu ni kuandika majina ya boti. Hapa Kalemie ukiona boti inapita na herufi zake zimesimama sawasawa, ujue mkono wangu umepita hapo. MUNGU ANAJUA ni mimi. SUBIRA ni mimi. Hata ile WIVU WA NINI, inayopeleka mahindi Kigoma na kurudi na sabuni, ni mimi, na msicheke.

Jumapili baada ya misa nina kazi nyingine. Tuko watu wanne, Odile akiwamo, na tunakutana katika chumba cha Mama Monique, mshonaji, juu ya meza yake ya kukatia vitambaa. Hapo tunapigana vita vya kwenye nyota. Msitoe macho hivyo, ni mchezo. Mbelgiji mmoja aliyefanya kazi na watu waliokimbia vita, kule kambi ya Katanika, alimwachia fundi Patrice wa reli sanduku zima la askari wa plastiki, kwa sababu Patrice alimtengenezea jenereta mara nyingi bila kulalamika. Askari wenyewe hawazidi urefu wa kidole. Wana kofia za chuma zinazofunika uso wote, bunduki za moto wa ajabu na mabomba mgongoni ya kupumulia. Kabla ya kurudi kwao, huyo Mbelgiji alitufundisha mchezo: unapima hatua za askari wako, unarusha dadu, dadu inasema nani amekufa. Hatua tunazipima kwa utepe wa Monique. Patrice alitujengea mji kwa vyuma vya redio mbovu na telefone zilizokufa, tukauita Piana-Mwanga, kama lile bwawa la umeme, maana anayeushika mji huo ndiye mwenye umeme wa sayari nzima. Na ukikosa umeme unajua mwenyewe maisha yanavyokuwa.

Askari walikuja bila rangi, weupe kama mihogo iliyomenywa. Kuwapaka ndiyo nusu ya utamu. Mimi nilikuwa na rangi za boti zilizobaki kwenye vifuniko, na mkono wa miaka thelathini. Nani angenigusa?

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipojichimbia shimo. Bandarini tuna desturi: mwenye boti hajiandikii jina. Hata awe anaandika vizuri kuliko mimi, atamwita mwingine, kwa sababu boti iliyoandikwa na mwenyewe inajisifu mbele ya ziwa, na ziwa halipendi majivuno. Desturi hiyo niliileta mezani. Askari wa kawaida uso umefunikwa, lakini jenerali ana uso wazi, na macho yake njo kitu kigumu kuliko vyote, madogo kuliko mbegu ya mchicha. Nikasema: mwenye jeshi asimfungue macho jenerali wake, yaani asimpake macho kwa mkono wake. Amwite mwingine. Kinyozi hajinyoi. Na jenerali asiyefunguliwa macho haingii mezani.

Wakakubali wote. Kwa hiyo kila jenerali aliletwa kwangu. Cyrille, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa akinibembeleza wiki nzima. Patrice aliniletea samaki. Wangu mwenyewe alikuwa amefunguliwa na yule Mbelgiji, kwa hiyo sikuwa na shida na mtu. Miaka minne nilikuwa mkubwa wa meza ile, na nawaambieni, hakuna kitu kitamu kama watu kukusubiri.

Halafu Odile akaja.

Ni muntu wa Mpala. Mjomba wake alikuwa akitunza kanisa la misioni, na kila mwaka kabla ya Noeli alizitoa sanamu za pangoni, Yosefu, wachungaji, ng'ombe na wengine wote, kuzipaka upya, kwa sababu unyevu wa ziwa unazibandua ngozi. Odile alikuwa na miaka kumi na miwili mjomba alipomwachia macho ya wachungaji. Akiwa na kumi na mitano alipewa macho ya Mtoto Yesu. Baadaye akaolewa hapa Kalemie, akazaa, mume akafa, akaweka kiti chake sokoni, anapaka wanawake kucha. Bibi harusi anakuja na vidole kumi vitupu, anaondoka na maua kumi. Hiyo ndiyo historia yake yote. Mimi nilianzia kwenye matairi, jamani! Nilikuwa naandika HEWA HAPA.

Alitufikia kwa sababu ya Patrice. Patrice alinunua kwake verni nyekundu ya kucha kwa ajili ya koti za askari, na Odile akamfuata aone fundi wa treni mwenye mikono ya grisi anaipeleka wapi. Akasimama mlangoni, akacheka.

"Wazee wazima na madoli!"

"Si madoli," Cyrille akamwambia. "Ni jeshi."

Akakaa. Akamchukua jenerali mpya wa Cyrille aliyekuwa akinisubiri mimi, akamgeuza mara mbili, akaomba ampeleke nyumbani. Jumapili iliyofuata akamrudisha. Cyrille akamwangalia, akashika mdomo. Patrice akasema, "Yesu Maria." Monique akaacha cherehani yake akaja kuona, Monique ambaye kwa miaka minne hakuwahi kuja kuona kitu.

Wakanipa na mimi. Nikamshika mbali, mkono umenyooka, kama fundi anavyoangalia kazi. Niliona nukta mbili. Nukta mbili nyeusi, basi! Nikasema moyoni: hawa wamelewa harufu ya verni.

"Si vibaya," nikasema.

Tangu siku ile hakuna aliyeniletea jenerali. Mwaka mzima. Wote kwa Odile, Odile, Mama Odile, tafadhali. Na yeye alichukua jeshi la roboti, ambazo hazina macho hata kidogo, kwa hiyo hakuhitaji mkono wa mtu. Hata hapo alinizidi akili. Nilikuwa nikirudi nyumbani nimekasirika, namweleza mke wangu Godelieve habari za zile nukta, naye anasonga bugali na kunijibu bila kugeuka:

"Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda."

Na nilikonda kweli, mukaba wa suruali yangu ni shahidi. Na mwaka ule ulikuwa mbaya upande wote. Brashi siku hizi wanatengeneza mbovu, nywele zinatawanyika. Chumba cha Monique kina giza. Mwenye SUBIRA alikuja kuniambia herufi zake zimeinama, nikamjibu boti yake ndiyo iliyoinama. Boti mbili mpya zilikwenda kuandikwa na kijana wa mtaa wa Kamukolobondo, sijui kwa nini.

Halafu, wiki moja baada ya Noeli, Monique akitafuta bobini yake chini ya meza akamkanyaga jenerali wangu. Shingo ikakatika. Nililia kidogo, sifichi. Sandukuni alikuwa amebaki jenerali mmoja tu, mkubwa, mwenye joho refu na upanga, ambaye wote tulikuwa tukimtamani. Wakanipa mimi, kwa heshima ya marehemu. Nilimpaka miezi mitatu. Joho la bluu ya ziwa asubuhi, upanga wa rangi ya fedha ya nanga. Kila kitu kilikamilika, isipokuwa macho. Na Jumatatu ya Pasaka tulikuwa na vita vikubwa vya mwaka, vita vya kuugombea Piana-Mwanga.

Nikampelekea Cyrille. "Mimi? Mkono wangu ni wa chaki," akasema. "Peleka kwa Odile." Nikampelekea Patrice. "Papa Théo, nitamtoboa. Peleka kwa Odile." Desturi yangu mwenyewe, niliyoileta kwa mikono yangu miwili, sasa inanipeleka kwa mwanamke yule nimpigie magoti! Mchimba shimo huingia mwenyewe, lakini mimi nilikataa kuingia. Ijumaa Kuu saa sita mchana, jua likiwaka, nilikaa nyuma ya boti iliyopinduliwa ambako hakuna wa kuniona, nikamfungua macho mwenyewe. Nyeupe kwanza, halafu nyeusi. Nikamshika mbali, mkono umenyooka. Alikuwa mzuri! Alikuwa na macho makali, ya mtu asiyemwogopa mtu.

Jumatatu nikamweka mezani. Odile akamwinua, akamsogeza karibu na dirisha. Akamwangalia kwa muda mrefu. Cyrille akachungulia juu ya bega lake, kisha Patrice.

"Papa Théo," Odile akaniuliza, "nani alimufungua macho?"

"Muntu moja wa bandari."

Angeweza kumkataa. Sheria ilikuwa upande wake, na nilimwona ananiangalia mimi, si jenerali. Halafu akamrudisha mahali pake, polepole.

"Anaweza kucheza," akasema.

Na alicheza! Siku ile dadu ilinipenda. Niliuchukua mji, nikaziteketeza roboti za Odile moja baada ya nyingine, nikapiga kelele mpaka majirani wakaja. Cyrille akapiga picha kwa telefone, jenerali wangu juu ya kinu cha umeme. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Kesho yake Godelieve aliipata ile picha kwenye telefone yake. Akaikuza kwa vidole viwili, kama wanavyofanya. Halafu mabega yake yakaanza kutetemeka kwa kicheko.

"Théo, baba," akasema, "jenerali wako jicho moja linaangalia Moba, lingine linaangalia Kigoma."

Nikamnyang'anya telefone. Uso ulijaa kioo kizima, mkubwa kama sahani. Jicho moja lilikuwa shavuni. Kabisa, shavuni! Lingine limepanda kwenye nyusi, na rangi nyeusi imechuruzika mpaka puani. Mtoto wa shule ya vidudu asingefanya vile. Nikakaa chini. Kwa hiyo wote walikuwa wameona. Walicheza saa nne nzima mbele ya uso ule, wakanipongeza, hakuna aliyecheka. Na ndipo nikakumbuka SUBIRA, na zile boti mbili za Kamukolobondo, na nikajiuliza ni watu wangapi bandarini wananinyamazia.

Lakini kilichoniuma kuliko vyote ni Odile kunihurumia. Heri angenitukana. Nikatia jenerali mfukoni, nikaenda sokoni mbio, jua la saa tano linachoma. Alikuwa kwenye kiti chake, amemaliza mteja.

"Kwa nini ulininyamazia?" nikamwambia, na sauti ilikuwa kubwa, wauza nyanya wote waligeuka. "Uliona! Uliona na ukanyamaza!"

"Kama ningesema, ungefanya nini?"

"Ningeondoka. Nisingerudi tena kwenye meza ile."

"Basi, ndiyo sababu," akasema. "Kaa, Papa."

Nikakaa kwenye kigoda cha wanawake, mimi na ndevu zangu. Akanyoosha mkono nikampa jenerali. Kisha akafungua mkebe wake wa verni na kutoa miwani, miwani ya kawaida ya sokoni, mkono mmoja umefungwa kwa uzi. Akaivaa.

"Wewe unavaa miwani?" nikashangaa.

"Miaka sita. Bila hii hata kucha sizioni. Ulidhani ninafanyaje?"

Sikuwa nimejua. Sokoni sikuwa nimewahi kufika, kwa kiburi, na kwa Monique huwa hapaki, anapeleka nyumbani. Akayafunika yale macho mawili niliyoyapaka kwa rangi ya ngozi, akasubiri ikauke akimpaka mteja mwingine, halafu akaanza upya. Nyeusi kwanza, nyeupe baadaye. Hakushika pumzi wala hakutoa ulimi kama ninavyofanya mimi. Alipomaliza akanipa. Nikamshika mbali, mkono umenyooka.

Nukta mbili.

"Mulete karibu," Odile akasema. Akavua ile miwani, akanivalisha mwenyewe, kama unavyomvalisha mtu mgonjwa.

Mawe, mama yangu! Kwanza niliona vidole vyangu, mistari yake, rangi ya bluu iliyoganda pembeni mwa kucha. Kisha nikaona uso. Hazikuwa nukta. Kulikuwa na nyeupe ya jicho, na ndani yake duara la kahawia, na ndani ya kahawia weusi, na ndani ya weusi ule alama ya mwanga, ndogo kama hakuna, mahali ambapo jua lingegonga jicho la mtu hai. Na kope ya chini ilikuwa na wekundu kidogo, wa mtu ambaye hakulala kwa ajili ya askari wake. Alikuwa akinitazama. Jenerali wa plastiki, jamani, alikuwa akinitazama mimi, na alikuwa amechoka.

"Jenerali wa Cyrille," nikauliza, "naye yuko hivi?"

"Wa kwanza yule? Hapana," akajibu akifunga chupa. "Yule nilimufanya haraka haraka. Wa Patrice njo muzuri zaidi."

Nilimrudishia miwani, kisha nikaiomba tena. Mwaka mzima nilikuwa nimemwonea wivu kwa kusikia tu watu wakisifu. Siku ile, kwenye kigoda cha sokoni, ndipo nilipoanza kumwonea wivu sawasawa.